Haki ya Mwia na Haki ya Mwiwa: Mpaka wa Kudai Deni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Tumeulizwa na ndugu zetu wa hapa Ng'ambo, Tabora, na wengine walioko pwani wametuandikia kwa maana iyo hiyo: Mtu amekopa fedha, muda umefika, naye hana cha kulipa. Mwia wake hamdai yeye peke yake, bali huwapigia simu jamaa zake, wakweze, imamu wa msikiti wake na mwalimu wa watoto wake, na kuwapelekea picha yake iliyoandikwa chini yake kuwa huyu ni mwizi. Je, dini yampa mwia ruhusa hiyo? Na kwa kuwa deni lenyewe limechanganyika na riba, je, mwiwa ana ruhusa asilipe kabisa?

Maswali haya mawili yamefungamana, wala haifai kujibu moja na kuliacha la pili, kwani anayejibu la kwanza tu huwafurahisha wawiwa, na anayejibu la pili tu huwafurahisha wawia, na sheria haikuletwa kumfurahisha mmoja wao.

Mji wetu huu wa Tabora ulikua juu ya mgongo wa deni. Neno hili si tusi. Ndivyo biashara ya misafara ilivyokwenda. Katika karne ya 19 mfanyi biashara wa Unguja au Bagamoyo aliyetaka kwenda bara aghalabu hakuwa na mali yake mwenyewe. Alikwenda kwa tajiri, na wengi wa matajiri hao walikuwa Wahindi, akapewa merikani na kaniki, shanga na masango, kwa bei iliyopita bei ya taslimu, akatia mkono wake katika hati, kisha akashika njia ya Ugogo mpaka Unyanyembe, na pengine akapita mpaka Ujiji na Manyema. Malipo yalikuwa ni pembe atakazoshuka nazo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisafiri kwa mali ya Taria Topan wa Unguja, naye akalipa akatajirika. Lakini si kila msafiri alikuwa Tippu Tip. Mwaka 1871 ilipozuka vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilizibwa na pembe zikakwama, na deni la pwani halikungoja vita viishe. Wako waliokaa bara miaka mingi, hawakuthubutu kuiona pwani tena kwa kuwaogopa wawia wao.

Twataja habari hizi ili msomaji ajue kuwa mtu kukimbia uso wa mwia si jambo jipya. Lililo jipya ni kwamba mwia wa zama zile alikuwa mbali, mwendo wa miezi kwa miguu, na mwia wa leo yumo mfukoni mwa mwiwa. Mtu hutia programu ya mkopo katika simu yake, nayo humwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni, naye hukubali pasina kusoma kwa kuwa ana haja. Tuseme ameandikiwa shilingi 100,000. Hukatwa ada papo hapo, akapokea 80,000, na baada ya siku 14 hutakiwa 120,000. Akichelewa siku moja, huongezewa. Akichelewa siku tatu, majina yale aliyoruhusu yasomwe huanza kupigiwa mmoja mmoja. Kando ya hiyo iko mikopo ya mitaani inayokusanywa kila juma, ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na hatukuona jina lililoifaa zaidi.

Basi na tuanze na haki ya mwia, kwani ndiyo asili. Deni ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira kuwa mtu mmoja alimjia Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, kumdai ngamia, akamsemeza kwa ukali hata masahaba wakataka kumdhuru. Bwana Mtume akawakataza, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru anunuliwe ngamia, na alipokosekana wa umri ule, akapewa aliye bora kuliko wake. Tazama, ndugu msomaji: ukali wa ulimi mbele ya mwiwa mwenyewe ulistahimiliwa. Kwa hiyo anayepigiwa simu na mwia wake kwa wakati wa heshima na kuulizwa atalipa lini, akakasirika na kusema anasumbuliwa, huyo hakusumbuliwa. Ameulizwa haki ya watu. Na mwenye nafasi akichelewesha kulipa, Bwana Mtume ameliita tendo lake dhulma. Mtu wa namna hii, abadilishaye namba ya simu na kuhama mtaa ilhali mali anayo, kadhi ana ruhusa ya kumfunga na kuiuza mali yake.

Walakini Mwenyezi Mungu amepambanua baina ya huyo na mwenye dhiki. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, ametuamuru kuwa mwiwa akiwa katika uzito, basi apewe muda mpaka apate wepesi. Na mwia akimsamehe ni bora zaidi kwake. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wameichukua aya hii kwa dhahiri yake. Imamu Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa muflisi, amesema kuwa ukithibiti uzito wa mtu, haijuzu kumfunga wala haijuzu kumwandama, bali hupewa muda mpaka apate. Neno hili la kumwandama, ambalo kwa Kiarabu ni mulazama, ndilo moyo wa mas'ala yetu. Maana yake ni mwia kumganda mwiwa kila aendako, akitoka naye, akirudi naye, akimkalia mlangoni. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wameruhusu mwia kumfuata mwiwa hata baada ya kutoka kifungoni, nasi twaiheshimu hoja yao. Lakini kwetu imekatazwa. Na kama kumwandama kwa miguu kumekatazwa, ambapo mwia huchoka na usiku hurudi kwake kulala, sijui nani atasema kuwa kumwandama kwa simu mara 30 kwa siku kumeruhusiwa.

Hapa mwiwa asishangilie upesi. Uzito hauthibiti kwa kusema tu, “Sina.” Ikiwa deni lilitokana na mali aliyoipokea, kama vile mkopo au bidhaa, basi ni juu yake kuleta ushahidi kuwa mali ile imekwisha, kwa sababu asili ni kuwa bado iko. Mashahidi wake yapasa wawe watu wamjuao ndani na nje, majirani na wenzake wa kazi, wala si watu wa kuokotwa barazani. Tena wasiseme kuwa hana kitu chochote kabisa, kwani hilo hawawezi kulijua. Waseme kuwa ni mwenye dhiki, hamiliki ila chakula cha siku yake na nguo za mwilini. Na ikiwa mwiwa ni mgeni asiye na mtu wa kumshuhudia, kadhi huwapa watu kazi ya kuichungua hali yake, na wakipata dhana yenye nguvu kuwa ni mwenye dhiki, hushuhudia hivyo. Hukumu hii ya mgeni yatupendeza sana sisi wa Tabora, kwa sababu mji huu tangu misafara hata gari la moshi lililofika mwaka 1912 umekuwa mji wa wageni, na mara nyingi anayedaiwa hana mjomba hapa wala shangazi.

Ama kumtangaza mwiwa, wako wawia wanaotoa hoja ya hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, kuwa mwenye uwezo akichelewesha, heshima yake na adhabu yake huhalalika. Hadithi hiyo yatajwa sana, lakini watajao husahau mambo mawili. La kwanza, yamhusu mwenye uwezo. Mwenye dhiki hayumo. La pili, Bukhari ameitaja tafsiri ya Sufyan, kuwa heshima iliyohalalika ni mwia kumwambia mwiwa kuwa amemchelewesha, na adhabu ni kifungo. Hicho ndicho kipimo. Kusema “Fulani amenicheleweshea haki yangu” mbele ya kadhi au mbele ya mtu awezaye kumsaidia kuipata, hilo si usengenyi. Kumwita mwizi mtu aliyekopa kwa ridhaa ya mkopeshaji ni uzushi, kwa kuwa mwizi huchukua kwa siri na huyu alipewa mkononi. Na kuitia picha yake mbele ya watu mia wasiohusika ni kufedhehi Mwislamu bila ya haki, na huyo mwia naye amekuwa mwiwa, anadaiwa heshima ya mtu.

Sasa tuje kwa wale wanaopigiwa simu. Mtu wa Mwanza huamka akaambiwa kuwa shemeji yake wa Tabora anadaiwa, na asipolipa yeye jina lake litachafuliwa. Wengi hulipa kwa aibu. Sheria yasemaje? Dhamana katika dini yetu ina nguzo zake, na miongoni mwake ni mdhamini mwenyewe awe na akili timamu na ruhusa ya kutumia mali yake, akubali kwa hiari yake, na atamke, au aandike pamoja na nia, neno lenye maana ya kudhamini. Jina la mtu kuwamo katika simu ya nduguye si tamko, wala si nia, wala si maandiko yake. Hakudhamini. Hana deni, na mwenye kumtisha ili alipe anakula mali ya watu kwa batili. Hata mwiwa mwenyewe akiandika jina la rafiki yake katika fomu kuwa ndiye mdhamini, na rafiki hakuulizwa, dhamana hiyo haikufungika, na mwandishi ametenda khiyana. Anayetaka kumlipia nduguye kwa wema, hiyo ni sadaka, na Mwenyezi Mungu atamlipa. Lakini atoe kwa mkono wa hiari.

Katika jambo hili twataka kusema neno kwa waume, ijapokuwa wengine halitawapendeza. Mikopo mingi ya kila juma hukopwa na wanawake, na siku ya kushindwa hufika watu wakatoa godoro, jokofu na viti vya sebuleni, na mume arudipo hukuta nyumba tupu akaghadhibika. Ni kweli kuwa deni la mke si deni la mume. Mume si mdhamini ila akidhamini, na kuchukua mali yake kwa deni la mkewe ni unyang'anyi. Lakini mume na ajiulize mke alikopa kwa haja gani. Katika madhehebu yetu nafaka ya mke, yaani chakula na nguo zake, siku zikipita mume hakuitoa, huwa ni deni juu ya shingo ya mume, wala haianguki kwa kupita muda. Basi yawezekana yule unayemlaumu kwa kukopa shilingi 50,000 akudai wewe zaidi ya hizo, naye hajakupigia simu wala hajaitoa picha yako mtaani.

Sasa swali la pili, la riba. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, na ziada inayoongezwa kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahiliya. Lakini katika aya ya 279 ya sura ile ile Mwenyezi Mungu amewathibitishia wawia wanaotubia kuwa rasilimali zao ni zao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Kwa hiyo mbele ya Mungu mwiwa wa mfano wetu anadaiwa shilingi 80,000 alizozipokea, na hizo hazimwondokei kwa sababu mwia ni mla riba, wala kwa sababu amemtukana, wala kwa sababu amemfedhehi. Kosa la mwia halilipi deni la mwiwa. Ada ya kweli ya kazi, kama gharama ya kuandika hati, baadhi ya maulamaa wa zama hizi wameiruhusu. Lakini ada inayokua pamoja na kiasi cha fedha na urefu wa siku, hiyo ni riba iliyobadilishiwa kanzu. Na mwiwa aliyekwenda kwa hiari yake katika mkataba wa riba ana toba yake ya kuileta, maana laana ya riba haikumtaja mlaji peke yake, imemtaja na mlishaji.

Mtu atasema: “Hayo ni ya kadhi, na kadhi wa leo hahukumu madeni.” Ni kweli. Bara hapa kesi za madeni madogo huenda Mahakama ya Mwanzo, na kwa ndugu zetu wa Unguja na Kenya makadhi wamewekewa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Tena mahakama za serikali hazifuti ziada kwa kuwa ni riba tu. Lakini si kweli kuwa sheria ya nchi imemwacha mwiwa peke yake, na ujinga wa jambo hili ndio unaowapa wadai nguvu.

Kwanza, kukopesha kwa biashara kwahitaji leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa wakopeshaji madaraja manne, na mkopeshaji asiyepokea amana, pamoja na huyu wa simu, yumo katika daraja la pili, na leseni yake hutoka Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya simu, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawatahadharisha watu nazo. Basi kabla ya kukopa, na hata baada yake, uliza leseni. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imefanya majina, namba na picha za mtu kuwa ni amana; anayezichukua kwa kazi moja hana ruhusa kuzitumia kwa kazi nyingine atakayo, na aliyedhulumiwa ana Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuipelekea malalamiko, naye yule wa Mwanza aliyepigiwa simu ana haki hiyo hiyo. Tatu, kumtisha au kumuudhi mtu kwa ujumbe wa simu ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wenzetu wa Kenya kanuni zao za mwaka 2022 zimetaja jambo hili kwa uwazi: mkopeshaji wa simu amekatazwa vitisho na matusi, na amekatazwa kuwaandama watu waliomo katika simu ya mwiwa.

Na yule anayekuja mlangoni kuchukua vyombo, aulizwe ametumwa na nani. Kukamata mali ya mtu kwa deni ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, baada ya hukumu. Hata amri hiyo ina mpaka, kwani Sheria ya Mwenendo wa Madai imeviepusha nguo za lazima, vyombo vya kupikia, na kitanda na matandiko ya mwiwa na mkewe na watoto wake. Msomaji wa fikihi atakumbuka kuwa Minhaj nayo humwachia muflisi suti ya nguo imfaayo, na chakula cha siku ya kugawanywa mali yake, yeye na wale walio juu yake. Dini na serikali hapa zimekutana, ijapokuwa nyumba kwetu huuzwa. Wako watakaotaja mas'ala ya mwenye haki kujitwalia haki yake aipatapo. Hiyo iko, lakini ni kwa mwiwa anayekanusha au anayekataa kulipa. Ama asiyekataa, mwia hudai tu, wala si halali kumchukulia kitu.

Kwa mwiwa mwenye dhiki, ushauri wetu ni huu. Asizime simu. Aandike barua au ujumbe kwa mwia, ataje alichopokea, alicholipa, na anachoweza kutoa kila mwezi, hata kikiwa shilingi 5,000, na akitoe kweli. Aweke nakala ya kila ujumbe wa matusi pamoja na tarehe yake na namba iliyoutuma, kwa sababu Benki Kuu na polisi na Tume hawatahukumu kwa machozi. Malalamiko yaanzie kwa mkopeshaji mwenyewe, asipojibu yapelekwe Benki Kuu. Na wazee wa msikiti wawe wasuluhishi. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti mpaka sauti zikapaa. Bwana Mtume akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab aondoe nusu, Kaab akakubali, na papo hapo Bwana Mtume akamwamuru mwiwa asimame alipe. Yale mambo mawili yalifanyika katika kikao kimoja, msamaha na malipo. Suluhu ikipatikana, iandikwe na ishuhudiwe kama ilivyoamriwa katika aya ya 282, na kila kinacholipwa kipatiwe stakabadhi, kwa kuwa programu ya simu hufungwa leo na kesho deni lile lile hudaiwa kwa jina jingine.

Limebaki swali la warithi, kwani wapo waliopigiwa simu siku ya matanga. Deni hulipwa katika mali aliyoiacha maiti, kabla ya wasia na kabla ya mirathi, hata ikamalizika yote. Mali isipotosha, warithi hawalazimiki kutoa vya kwao; wakitoa kumkomboa mzazi wao, wamefanya hisani kubwa. Kwa hiyo kila mwenye deni na aliandike katika wasia wake, jina la mwia na kiasi alichopokea, ili warithi walipe haki na wamjue mwongo.

Wallahu aalam.